Nani Atalipia Mapovu?

Mama aliyepokea dosye yangu, karatasi za kuombea pesa, alisoma kichwa chake mara mbili, akavua miwani, akanitazama kama mtu aliyekosea mlango.

"Prof," alisema, ingawa mimi si profesa na yeye anajua, "unaomba dola elfu sita na mia nne kwa ajili ya kutazama mapovu?"

"Ndiyo, mama."

"Mapovu ya nini?"

"Ya hewa, mama. Ndani ya maji."

Hapo ndipo nilipoharibu. Ningesema "usalama wa vinu vya nyuklia", pengine angemwita mwenzake aje asikilize. Kurasa 14 za ile dosye zilieleza hayo yote, lakini anayepokea dosye husoma kichwa, na anayeamua husoma jumla ya pesa. Huko katikati nilikuwa peke yangu. Alizifunga karatasi taratibu, akaziweka juu ya rundo, akaniambia biro yao, yaani ofisi, inagharimia mambo yanayowasaidia wananchi. Sitaitaja. Mwezi uliofuata nilibisha mlango mwingine, na jibu lilikuwa lile lile, kwa Kifaransa kizuri zaidi.

Nilikuwa nimeomba bomba linaloonyesha ndani lenye urefu wa mita 3, kompresa ndogo, kamera ya mtumba yenye kupiga picha za haraka, na nyaya za kupimia ni wapi ndani ya bomba kuna maji na ni wapi kuna hewa. Basi. Kwa vyombo hivyo wanafunzi wangu hapa Lubumbashi wangeona kwa macho yao jambo ambalo sasa naliandika ubaoni kwa chaki, nao wanaliamini kwa heshima tu.

Majibu mazuri huja mtu akiwa ameshapanda basi. Nilipofika Katuba nilikuwa nayo mengi. Ndiyo haya.

Kwanza niseme neno moja kwa wasomaji wa mbali. Wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia "makala" anafikiria maandishi. Kwetu makala ni yale meusi yanayotiwa ndani ya mbabula, na umeme ukikatika ndiyo yanayopika bukari (ugali) na kuchemsha chai. Kwa hiyo makala haya yameandikwa kando ya makala, na sufuria iko mbele yangu inachemka. Si mfano wa kutafuta. Itazame ya kwako.

Mapovu ya kwanza (wa pwani wanayaita viputo) hushika chini ya sufuria kama punje za ulezi. Kisha yanaachia, yanapanda, lakini hayafiki juu: yanakutana na maji yasiyopata moto bado, yanabanwa, yanakufa njiani. Ule wimbo unaousikia kabla ya maji kuchemka ni vifo vyao. Maji yakichemka kabisa, wimbo unanyamaza, kwa sababu sasa mapovu yanafika salama. Na hapa kwetu, kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, maji huchemka yakiwa na nyuzi kama 96 tu, ndiyo maana maharage yetu hayana haraka.

Sasa funga sufuria hiyo kwa chuma cha unene wa zaidi ya sentimita 20, ukandamize mpaka shinikizo lifike karibu mara 150 ya lile la hewa ya pwani. Ndani yake maji yanapita nyuzi 300 bila kuchemka, maana yamekatazwa. Hicho ndicho kinu cha nyuklia cha aina iliyo nyingi zaidi duniani. Kazi yote ya maji hayo ni kuondoa joto kwenye fimbo za urani. Lakini bomba likipasuka, shinikizo linaanguka, na maji yaliyokuwa yamekatazwa kuchemka yanachemka yote kwa pamoja. Kinachopita kwenye mabomba kuanzia hapo si maji wala si mvuke. Ni mchanganyiko: mara mapovu madogo, mara magonge marefu kama risasi, mara fujo tupu, mara utando wa maji ukutani huku mvuke unapiga mbio katikati. Wahandisi wanauita mtiririko wa hali mbili. Kila sura kati ya hizo inaondoa joto kwa namna yake, na mpito kutoka sura moja hadi nyingine hautoi taarifa.

Mama yangu, marehemu, alikuwa na pasi ya makala, ile nzito yenye jogoo mbele. Kabla ya kuigusisha kwenye shati la baba alichovya vidole kwenye kikombe, akaipiga tone. Tone likitawanyika na kulia "chsss", pasi iko sawa. Tone likijikunja kuwa shanga na kukimbia huku na huku juu ya chuma bila kukauka, aliiweka pembeni: "Imezidi, itaunguza." Hakuwahi kusikia jina la Johann Gottlob Leidenfrost, daktari Mjerumani aliyeandika juu ya tone hilo mwaka 1756, wala la Shiro Nukiyama, Mjapani aliyelipima mwaka 1934 kwa waya uliochemsha maji. Lakini alijua kiini chake, ambacho wanafunzi wangu hukikataa mara ya kwanza: chuma kikizidi moto, maji hupata shida zaidi kukipoza. Mvuke hutandika godoro kati ya maji na chuma, tone linalala juu ya godoro, na joto linabaki ndani ya chuma.

Fimbo ya urani ikivikwa godoro la namna hiyo, joto la ngozi yake linaruka kwa mamia ya nyuzi ndani ya sekunde chache. Ngozi hiyo ni ya madini ya zirkoni. Likiendelea kupanda, zirkoni inaanza kuungana na mvuke, inatoa haidrojeni, na muungano huo nao unaongeza joto. Sheria ya Marekani iliyotolewa mwaka 1974 inasema ngozi ya fimbo isipite nyuzi 1,204 hata bomba kubwa kabisa likikatika. Sasa, utajuaje kwamba haitapita? Huwezi kukata bomba la kinu cha watu ili uone. Unapiga hesabu. Na hesabu hiyo yote imesimama juu ya mapovu.

Nije kwenye hadithi ambayo ningemsimulia yule mama kama angenipa kiti.

Tarehe 28 Machi 1979, saa 10 alfajiri, kinu cha pili cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, kilipatwa na jambo dogo: pampu za maji ya upande wa pili, ule wa kutengeneza mvuke wa turbini, zilisimama. Kinu kikajizima chenyewe, kama kilivyofundishwa. Vali moja juu ya tangi linalotunza shinikizo ilifunguka ili kupumua, kisha ikagoma kufunga. Taa kwenye meza ya waendeshaji ilionyesha kuwa amri ya kufunga imetumwa. Haikuonyesha kama vali imetii. Maji yakaanza kutoka, shinikizo likashuka, na yale yaliyobaki yakaanza kuchemka ndani ya mabomba.

Hapa naomba utulie. Waendeshaji hawakuwa na kipimo cha maji ndani ya kinu chenyewe. Walikuwa na kipimo cha lile tangi la juu, na kipimo hicho kilikuwa kinapanda. Ukifungua chupa ya bia ya Simba iliyopigwa na jua, povu linajaa shingo na kumwagika mezani, na mtu aliyekaa mbali atasema chupa imejaa. Chini imebaki nusu. Ndivyo ilivyokuwa. Waendeshaji, ambao walikuwa wamefundishwa kuogopa tangi kujaa kupita kiasi, wakapunguza pampu za dharura zilizokuwa zinaleta maji ya uokoaji. Kisha pampu kubwa zikaanza kutetemeka, maana pampu ya maji ikimeza mvuke hutikisika kama gari lenye gurudumu bovu. Wakazizima nazo. Ilipita zaidi ya saa mbili kabla mtu hajaziba njia ya ile vali. Karibu nusu ya moyo wa kinu iliyeyuka.

Watu hupenda kusema waendeshaji walikosea. Mimi nasema walisoma povu kama maji, na hakuna aliyekuwa amewafundisha tofauti. Tena mwaka mmoja na nusu nyuma, Septemba 1977, kinu cha Davis-Besse huko Ohio kilikuwa kimepatwa na mambo yale yale: vali ile ile iliyogoma, kipimo kile kile kinachopanda, pampu zile zile kupunguzwa. Bahati yao kinu kilikuwa kinafanya kazi kwa nguvu ndogo, na mtu mmoja akagundua mapema. Taarifa zikaandikwa, zikazunguka kwenye biro, hazikufika Pennsylvania. Kila nikifikia hapo darasani, nakumbuka rundo la karatasi juu ya meza ya yule mama.

Pesa ya mapovu ina tabia ya mvua yetu ya Novemba: haiji kimya, lazima radi itangulie. Mwaka 1970 na 1971, huko Idaho, Marekani, wahandisi walijenga mfano mdogo wa kinu unaopashwa kwa umeme, wakaukatia bomba, wakapeleka maji ya dharura. Maji hayakufika kwenye moyo. Mvuke uliokuwa unapanda uliyazuia, ukayazungusha, ukayatoa nje kwa lile lile bomba lililokatika. Ni kama kumpelekea mgonjwa dawa na mlinzi akaipitisha kwa geti la pili. Mfano ulikuwa mdogo mno, na wengi walidai kinu kikubwa kisingefanya hivyo. Labda. Lakini nani alikuwa amepima? Ukafuata mjadala wa hadhara wa mwaka 1972 na 1973, mrefu na mkali, na ndipo ilipotoka ile sheria ya nyuzi 1,204.

Baada ya radi hiyo pesa ikanyesha kweli. Idaho wakawasha LOFT, kinu kamili cha megawati 50 za joto kilichojengwa kwa makusudi ya kukatwa bomba. Wazo lake lilikuwa la tangu miaka ya 1960, likasukumwa mbele mwaka baada ya mwaka. Jaribio la kwanza lenye urani inayofanya kazi lilikuja Desemba 1978, na fimbo zikapoa mapema kuliko programu za kompyuta zilivyotabiri. Habari njema! Miezi mitatu na nusu baadaye ikaja Three Mile Island, ambako hakuna bomba kubwa lililokatika, ni vali ndogo tu. Walikuwa wamejiandaa kwa simba, akaja mbu. Ikabidi majaribio yageuzwe, yatazame matundu madogo na mapovu ya polepole. Wajerumani walijenga Mannheim mtambo wa ukubwa halisi, ili mtu asije tena akasema mfano ni mdogo. Wafaransa tangu 1979 walikuwa wanaandika programu yao, CATHARE. LOFT ilifanya jaribio lake la mwisho mwaka 1985.

Na baada ya 1985? Programu zilibaki, mabomba yakaondoka. Si kote, lakini kwa sehemu kubwa. Nikisoma historia hiyo naiona kama ya mji wa mgodi: nyumba za wafanyakazi zipo, siren imenyamaza.

Wengine wataniambia: Mwalimu, si mnazo programu? RELAP5 ya Idaho, CATHARE, ATHLET ya Wajerumani, mnataka nini tena? Mtu anabonyeza, jibu linatoka.

Tuseme hivi. Maji yana milinganyo yake mitatu: wa kiasi, wa mwendo, wa joto. Mvuke nao una mitatu. Jumla sita, na hakuna anayeigombania. Ugomvi uko pale maji na mvuke vinapogusana. Ni kama viwanja viwili vya Kampemba: wenye viwanja wanajulikana, karatasi wanazo, kesi iko kwenye mpaka. Mpaka kati ya maji na mvuke una ukubwa gani? Povu linaburuta maji kwa nguvu gani? Joto linavuka kwa kasi gani? Hayo hayatoki kwenye milinganyo sita. Yanatoka kwenye bomba la kioo, mtu akiwa amekaa mbele yake anahesabu. Kila programu ya usalama imebeba tumboni mamia ya vipimo vya namna hiyo, na ina akili palepale vipimo vilipofika. Ukiivusha mpaka huo haikuambii kwamba imepotea. Inatoa namba yenye tarakimu sita baada ya nukta, kama kawaida.

Na mpaka huo sasa unavukwa. Watengenezaji wengi wa vinu vipya wanataka kinu kisichohitaji pampu: maji yapande kwa kuwa yana moto, yashuke kwa kuwa yamepoa, hata umeme ukikatika wiki nzima. Kwa mtu wa Lubumbashi wazo hilo ni tamu sana. Lakini mwendo huo ni mdogo, na katika dharura nyingi shinikizo lake ni la chini. Kwenye shinikizo la kinu cha kawaida maji ni mazito karibu mara 6 tu kuliko mvuke wake. Kwenye shinikizo la sufuria yangu ni kama mara 1,800. Povu moja la shinikizo la chini linaweza kusukuma safu nzima ya maji juu, likaiacha ianguke, kisha lianze upya. Vipimo vingi vya zamani havikukaa sana huko. Mtu anayesema kazi ya mapovu ilikwisha mwaka 1985 hajawahi kuangalia chai.

Fukushima, ile ajali ya Japani, nitaipita haraka, isipokuwa kwa kisa kimoja. Machi 2011, katika kinu namba 2, kulikuwa na turbini ndogo inayoendeshwa na mvuke wa kinu chenyewe ili isukume maji ya kupoza. Betri zilizokuwa zinaiongoza zilizama. Vitabu vilikuwa vinahesabu kwamba turbini isiyo na mwongozo itasimama baada ya muda mfupi. Iliendelea karibu saa 70. Maelezo yanayokubaliwa ni kwamba maji yalijaa kinu mpaka yakaingia kwenye bomba la mvuke, turbini ikawa inameza mchanganyiko wa mvuke na maji, ikalegea, lakini ikakataa kufa. Mtiririko wa hali mbili uliwanunulia siku tatu, na hakuna programu iliyokuwa imejua. Baadaye Marekani na Japani zikatoa pesa turbini za aina hiyo zipewe mvuke wenye maji kwa makusudi, kwenye maabara ya chuo cha Texas A&M. Radi kwanza, halafu mvua. Unaona?

Sidharau kompyuta. Mwaka 2010 Wamarekani walianzisha huko Oak Ridge kituo kilichoitwa CASL cha kuigiza vinu kwa kompyuta kubwa, wakakitengea hadi dola milioni 122 kwa miaka 5 ya kwanza, na kazi yao naisoma kwa wivu. (Dola zangu 6,400 zingetosha labda kahawa ya wiki chache.) Ila kompyuta haijawahi kuona povu. Inaambiwa tu, na anayeiambia lazima awe ameona.

Tena si sadaka. Mwaka 1988 wasimamizi wa Marekani walirekebisha sheria yao, wakaruhusu wenye vinu kutumia hesabu za kweli, zenye kutaja wazi ukubwa wa shaka, badala ya zile zilizolundikwa tahadhari juu ya tahadhari. Nafasi iliyopatikana hapo iliwasaidia wengi kuongeza umeme kutoka kwenye kinu kile kile, bila kujenga kingine. Aliyelipia bomba la kioo aliuza umeme.

Lakini yote hayo ni ya Wazungu, angesema yule mama. Hapa ndipo kichwa kilinipata moto ndani ya basi.

Baba yangu alifanya kazi kwenye konsantrateri ya Kipushi, kilomita 30 kutoka hapa. Kazi yenyewe: mawe yanasagwa kuwa unga, unga unachanganywa na maji na dawa, hewa inapulizwa kutoka chini. Chembe za shaba na zinki zinashika mapovu, zinapanda nayo; udongo unabaki chini. Juu wanakwangua povu, na lile povu ndilo shaba. Baba alikuwa anaweza kusimama kando ya selo, lile tangi la mapovu, na kukuambia bila kipimo chochote kama leo inalipa: "Povu jepesi linang'aa bure. Dogo zito ndilo lenye mshahara." Mgodi ulisimama mwaka 1993. Kabla ya hapo mimi na ndugu zangu watano tulisomeshwa, tulivishwa na kulishwa na mapovu. Katanga nzima imekula mapovu karibu karne moja, halafu unaniuliza yanamsaidia nani.

Shinkolobwe sitairefusha, wengi wameiandika. Ni mgodi ulio upande wa Likasi. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za mawe yake ya urani hadi New York, na mwaka 1942 wakubwa wa jeshi la Marekani wakamkuta nayo ghalani. Enzi yote ya nyuklia ilianzia kwenye shimo letu. Na kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, kwenye chuo kikuu cha Lovanium, kwa juhudi za Monsinyori Luc Gillon. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba neno "kinu" ni geni kinywani mwetu. Koeberg ya Afrika Kusini inatoa umeme tangu 1984, Misri inajenga El Dabaa tangu 2022, na wengine wako kwenye foleni. Siku moja mtu atakuja na dosye nene hapa kwetu, iliyojaa tarakimu sita baada ya nukta. Nani ataisoma kama hatuna hata mmoja aliyewahi kuona povu likigeuka gonge?

Bado nina jibu ambalo ni zito kuliko yote, nalo liko Goma na Bukavu. Chini ya Ziwa Kivu kumelala gesi iliyoyeyuka: kama kilomita za ujazo 300 za kaboni dioksaidi na 60 za methani, na watu milioni mbili na zaidi wanaishi kandokando. Ziwa Nyos la Kamerun ni dogo sana kwake, na usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 lilitoa kaboni dioksaidi iliyoua watu kama 1,700. Mwaka 2001 waliliwekea bomba refu la kudumu. Pampu ilihitajika mwanzoni tu. Maji ya chini yakipanda shinikizo linapungua, gesi inatoka kuwa mapovu, mchanganyiko unakuwa mwepesi, unajivuta wenyewe juu, na chemchemi ikaruka mita 50 hivi angani bila mafuta wala umeme. Upande wa Rwanda wa Kivu, mtambo wa KivuWatt unavuta methani kwa njia hiyo hiyo na kutoa megawati 26.

Milinganyo ya bomba hilo ni ile sita ya kinu cha nyuklia. Mpaka wenye kesi ni ule ule. Franga iliyotumika kuelewa povu la Idaho inatembea mpaka Goma bila kuombewa viza, ikipata wa kuipokea. Rafiki yangu mmoja aliyekulia Goma, anayefundisha hapa sasa, aliposoma dosye yangu alisema tu, akiniita yaya, yaani ndugu mkubwa: "Yaya, ungeanza na ziwa." Kweli. Ningeanza na ziwa.

Hatukupata pesa, lakini bomba tunalo. Ni la mita 1 na sentimita 80, kipenyo sentimita 5, plastiki ya wazi iliyobaki kwa mtengeneza vibao vya maduka. Tulilisimamisha nyuma ya nyumba yangu, tukalifunga kwenye mti wa embe kwa mpira wa baiskeli. Hewa inatoka kwa Kwado, fundi wa matairi wa kona yetu, ambaye kompresa yake tunaikodi saa za mchana akiwa hana wateja. Kamera ni simu ya mwanafunzi mmoja, inayojua kupunguza mwendo.

Kwado hakuondoka na kompresa yake. Alibaki, akachuchumaa mbele ya bomba, akatazama robo saa nzima bila kusema. Mapovu madogo yalipita. Tukafungua hewa zaidi, yakaanza kushikana kuwa magonge yanayojaza bomba, vichwa vya mviringo, mikia imekatika. Kisha akasema: "Angalia. Yanafuatana kama malori ya mpakani Kasumbalesa. La nyuma likifika kwenye kivuli cha lenzake linaongeza mwendo, linaligonga." Niliwaambia wanafunzi waandike hivyo hivyo.

Vitabu vinasema gonge katika bomba la kipenyo hicho, maji yakiwa yametulia, hupanda kwa takriban sentimita 25 kwa sekunde. Tulichora alama mbili kwa kalamu, tukahesabu picha moja moja. Daftari linasema: 24, 25, 24, 24, 31, 25, 33. Zile 31 na 33 ni za waliokuwa nyuma ya wenzao. Umbali kati yao hatukuupima, maana hatukujua kama utahitajika. Jumatatu tutarudia na alama za kila sentimita 10, kama Kwado hatakuwa na matairi mengi.